POLISHI YA MOTOKAA: YA KUSUGUA NA YA KUPAKA

Neno "polishi" ni neno moja, lakini hubeba kazi mbili zisizofanana hata kidogo, na kwa sababu hiyo limewatia watu wengi hasarani. Sisi tukaao mabwenini twalijua neno hili kwa viatu. Kila asubuhi kabla ya kengele ya mstarini utaona wavulana wameinama kando ya vitanda, kila mmoja na kopo lake na brashi yake, na kwetu sisi polishi ni kitu kinachoongezwa juu ya ngozi ili iwake. Mwenye motokaa naye akifika dukani hufikiri vivyo hivyo. Huomba polishi, hupewa chupa, akaenda nayo nyumbani akiamini kwamba anaiongezea rangi yake kitu. Kumbe huenda alichonunua ni kitu cha kuipunguza.

Nimeona vema kuliandika jambo hili katika gazeti letu kwa sababu mbili. Kwanza, fizikia ya nuru tuliyofundishwa hulieleza vizuri kuliko maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa. Pili, baba yangu mdogo ni dereva wa teksi mjini Tanga, na yaliyompata nitayataja mbele. Likizo ya Desemba iliyopita nilikaa kwake majuma manne, nami nilikuwa nikishinda kwa fundi mmoja mzee anayeng'arisha motokaa chini ya mwembe. Mengi nitakayosema niliyaona pale. Mengine niliyasoma baadaye.

Yatupasa kwanza kujua mng'ao ni nini. Mwali wa nuru upigao uso laini huruka kwa pembe ile ile uliyoingia nayo. Uso ukiwa tambarare, miali yote iliyokuja sambamba huondoka sambamba, na jicho huona sura kamili: huona taa, mti, au uso wa mtazamaji mwenyewe. Uso ukiwa na vishimo na mikwaruzo, kila mwali hupiga mteremko wake na kuruka upande wake, na badala ya sura twaona weupe usio na umbo. Tazama maji ya kisima yaliyotulia: waweza kujiona mpaka meno. Tupa kokoto, sura hupotea, ingawa maji ni yale yale na nuru ni ile ile. Basi mng'ao haumo ndani ya chupa; umo katika unyoofu wa uso. Na dawa yoyote ya kung'arisha ina njia mbili tu za kuunyoosha uso: ama ikate vilima mpaka vifikie usawa wa mabonde, ama ijaze mabonde kwa kitu kingine. Polishi ya kwanza ni ya kusugua, ya pili ni ya kupaka.

Liko jambo moja lililonishangaza nilipolifikiri kwa hesabu. Uso wa mbele wa kioo, nuru ikiupiga wima, hurudisha kama sehemu 4 tu katika 100, zilizobaki hupenya. Motokaa ya kisasa ina tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo kwa nuru ni kama kioo, nalo hurudisha karibu kiasi hicho hicho. Katika motokaa nyeupe, zile sehemu zilizopenya hukutana na weupe, na nyingi hurudi nje zikiwa zimetawanyika, zikaifunika ile sura dhaifu ya sehemu 4. Katika motokaa nyeusi humezwa zote, ikabaki sura peke yake. Ndiyo sababu nyeusi iliyosuguliwa vema huwa kama kioo cha kujitazamia, na ndiyo sababu pia mkwaruzo mdogo juu yake huonekana toka ng'ambo ya barabara. Mwenye motokaa nyeupe asihangaike sana. Mikwaruzo anayo, ila haisemi.

Sasa tuitazame rangi yenyewe. Motokaa ikitoka kiwandani haina koti moja. Juu ya bati hukaa tabaka la kuzuia kutu, ambalo huwekwa kwa kulizamisha bodi zima katika birika la rangi na kupitisha umeme. Juu yake huja praima, kisha rangi tuionayo, na mwisho ile vanishi angavu ambayo mafundi huiita klia. Unene wa tabaka zote pamoja aghalabu ni mikroni 100 hadi 150, na milimita moja ina mikroni 1,000. Karatasi moja nyeupe ya mashine ya kuchapia ina mikroni 100 hivi. Ifinye baina ya vidole viwili, nawe utakuwa umeshika karibu vazi lote la motokaa, kuanzia bati mpaka juu. Klia yenyewe ni mikroni 35 hadi 50 tu, yaani haizidi nusu ya karatasi hiyo. Na ndani ya klia zimo dawa za kuzuia miali ya jua ya urujuanimno isiiunguze rangi iliyo chini. Kila asuguaye anakula katika nusu hiyo ya karatasi, wala hapana namna ya kumrudishia mwenye gari kilicholiwa ila kupaka upya.

Hali haikuwa hivyo siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 20 motokaa zilipakwa vanishi kwa brashi kama magari ya farasi, na kazi ilichukua majuma kadha kwa kungoja kila koti likauke. Mnamo mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta rangi iitwayo Duco, iliyotengenezwa kwa nitroselulosi, na General Motors wakaitumia kwanza katika motokaa zao za Oakland. Ilikauka upesi mno, lakini ilipokauka ilikuwa imefifia, ikabidi isuguliwe ndipo iwake. Rangi za namna hiyo, na nyingine zilizofuata, ndizo zilizowazoeza watu kusugua motokaa kila mara. Rangi ilikuwa ile ile toka juu mpaka praima, na jua likiichoma mpaka ikawa kama chaki, fundi aliondoa ngozi iliyokufa akafika kwenye iliyo hai. Klia juu ya rangi ilienea miaka ya 1980. Mazoea ya kusugua yakabaki kama yalivyokuwa, bali kilichosuguliwa kimekwisha badilika.

Basi kabla hujachagua chupa yoyote, ujue motokaa iliyo mbele yako ni ya aina gani. Chukua kitambaa cheupe safi, tia polishi laini kidogo, sugua mahali pamoja pasipoonekana sana. Kitambaa kikipata rangi ya gari, hapana klia hapo. Ama haikuwekwa, ama imekwisha. Kitambaa kikibaki cheupe, klia ipo. Kwa motokaa nyeupe tumia kitambaa cheusi, maana nyeupe juu ya nyeupe haitakuambia neno. Jambo hili ni rahisi kabisa, lakini sijaona waoshaji watatu walifanyao.

Jambo la pili ni kuijua mikwaruzo yenyewe. Chukua kifuniko cha sufuria kilichosuguliwa kwa mchanga au kwa waya wa chuma, ukishike juani. Utaona duara za mikwaruzo zikiizunguka sura ya jua kama utando wa buibui, na ukikisogeza kifuniko, duara nazo husogea. Kwa kweli hakuna duara yoyote. Mikwaruzo imeelekea kila upande, ila inayolirushia jicho nuru ni ile tu iliyokaa mkabala na jua, na hiyo hujipanga kama mviringo. Boneti la motokaa huonyesha utando ule ule, na chanzo chake aghalabu ni mkono wa mwenyewe. Mchanga wa pwani una chembe nyingi za kwazi, ambayo katika kipimo cha Mohs ugumu wake ni 7, hali kioo cha dirisha ni kama 5 na nusu. Mtu apangusaye vumbi kwa kitambaa kikavu anaichora klia kwa jiwe gumu kuliko kioo, kisha hununua polishi ya kuifuta michoro aliyoichora mwenyewe asubuhi. Maji mengi kwanza, halafu sabuni, halafu kitambaa: hiyo ni polishi isiyouzwa.

Mkwaruzo ulio ndani sana utaujua kwa ukucha. Pitisha ukucha polepole kwa kuukata mkwaruzo; ukikwama, jua kwamba umeshuka kiasi ambacho ukitaka kuufikia chini yake utaimaliza klia yote pembeni mwake. Huo uache, au uutie rangi kwa brashi ndogo. Ukucha ukipita bila kujikwaa, polishi yaweza kusaidia.

Tuje sasa kwenye chupa. Wazee wetu walikuwa na mti uitwao msasa, ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, nao waliutumia kulainisha vinyago na mipini. Ndipo karatasi ya dukani ilipopata jina. Polishi ya kusugua ni msasa uliosagwa ukatiwa katika maji na mafuta. Chembe zake mara nyingi ni alumina, ambayo ugumu wake ni 9, hatua moja tu chini ya almasi. Chembe kubwa hukata haraka na kuacha mikwaruzo yake mwenyewe. Chembe ndogo hukata polepole na kuacha uso ambao jicho haliwezi kuukosoa. Nuru tuionayo ina urefu wa wimbi wa mikroni 0.4 hadi 0.7, na mikwaruzo iliyo midogo kuliko kiasi hicho haiwezi tena kuisumbua sana. Kwa kulinganisha, chembe za karatasi ya msasa ya namba P2000, ambayo mkononi ni laini kama hariri, ni kama mikroni 10. Kwa hiyo msasa peke yake, hata ule laini kabisa, huacha uso uliofifia.

Katika maduka yetu chupa huandikwa Kiingereza, nayo maneno yafaa yasomwe kwa makini. Palipoandikwa "compound," yaani kompaundi, zimo chembe kali za kuondoa ngozi iliyokufa au alama za msasa. Palipoandikwa "polish" mara nyingi zimo chembe laini za kuondoa utando wa buibui na ukungu ulioachwa na kompaundi. Palipoandikwa "wax" ni nta, nayo kwa kawaida haikati kitu. Lakini ziko chupa ziitwazo nta ya kusafishia, ambazo ndani yake nta na chembe zimechanganywa. Mtu akipaka hiyo kila mwezi akidhani anailinda rangi, anaisugua kila mwezi. Mimi binafsi nazipenda kidogo sana chupa za namna hii, kwa kuwa zafanya kazi mbili bila kukujulisha ipi imefanyika.

Na kanuni ya kuchagua ni moja: anza na iliyo laini kabisa. Funga kwa utepe wa karatasi mraba wa sentimita 50 kwa 50 juu ya boneti, jaribu polishi laini kwa sponji laini, futa, kisha tazama kwenye jua au kwa tochi. Ikitosha, usitafute nyingine. Isipotosha, badili kwanza sponji uweke ngumu zaidi kwa polishi ile ile, na hata hapo ikishindikana ndipo uongeze ukali wa dawa. Ukishatumia iliyo kali, hapana budi urudi kwenye laini ili kuondoa alama zake. Watu wengi huanza kinyume, yaani huanza na kali kwa sababu hufanya kazi mara moja na mteja amesimama anatazama.

Kipangusio nacho ni nusu ya ukali. Dawa moja ikitiwa kwenye manyoya ya kondoo hukata zaidi kuliko ikitiwa kwenye sponji. Mashine izungukayo kwenye mhimili mmoja hukata zaidi kuliko ile inayozunguka huku ikiyumba, nayo hutoa joto. Ikikaa mahali pamoja sekunde chache zaidi ya inavyofaa, klia huungua. Pembe na mikunjo ya bodi ndipo panapoanza kuungua, maana rangi hapo ni nyembamba tangu kiwandani, na uzito wote wa mashine huangukia mstari mmoja. Fundi wangu hufunika pembe zote kwa utepe, akazimalizia kwa mkono. Nilimwuliza mbona anajichosha. Akaniambia, "Mwanangu, rangi ni kipande cha sabuni. Hujaona sabuni iliyoongezeka kwa kufulia."

Na haya ndiyo yaliyompata baba mdogo. Teksi yake ni ya buluu nzito, iliyokwisha tumika Japani, ikashushwa bandarini Dar es Salaam, naye akainunua kwa fedha alizoziweka miaka mingi. Karibu na kituo chao pana mahali pa kuoshea magari, sitapataja jina, na pale waliipiga polishi kila mwezi kwa mashine ya mhimili mmoja, manyoya, na kompaundi. Kila ilipotoka iliwaka, na abiria waliisifu. Hakuna aliyemwambia kwamba mng'ao wa Machi ulikuwa umekatwa katika unene uleule utakaohitajika Aprili. Baada ya miezi 14 ukingo wa paa na mkunjo wa boneti ulianza kuonyesha mabaka yaliyopauka, na waoshaji wakasema dawa ni moja, kusugua zaidi.

Nilipompeleka kwa fundi mzee, yeye baada ya kuamkiwa hakusema kitu. Alichukua kitambaa cheupe akasugua ukingo wa paa mara tatu nne, akatuonyesha. Kitambaa kilikuwa cha buluu. Katikati ya boneti akafanya vivyo hivyo, kikatoka cheupe. Baba mdogo ni mtu wa maneno mengi, lakini pale alinyamaza kimya. Gharama ya kupaka upya paa na boneti ilitoka katika akiba ya matairi mawili, na mpaka nilipoondoka kurudi shuleni matairi hayo yalikuwa hayajanunuliwa.

Sasa tuseme juu ya polishi ya kupaka. Kazi yake ya kwanza ni kufunika. Nta maarufu kwa motokaa ni karnauba, itokayo kwenye majani ya mti wa porini wa jamii ya mchikichi unaoota kaskazini mashariki ya Brazili. Majani hukaushwa, yakapigwa mpaka unga wa nta udondoke. Huyeyuka kwa joto la nyuzi 82 hadi 86 hivi, ambapo nta ya nyuki, tunayoipata kwa wingi toka Tabora, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Boneti jeusi likikaa juani mchana laweza kupita joto la nta ya nyuki, na ndiyo sababu nta hiyo peke yake haifai sana kwa kazi hii, ingawa kwa meza na milango hapana iliyo bora. Karnauba nayo haidumu. Jua, mvua na sabuni huiondoa kwa majuma au miezi michache. Siku hizi watu wengi hutumia nta za viwandani, ambazo hukaa zaidi. Kwa Tanga, penye hewa ya chumvi, tabaka la namna hii lina faida hata kwa motokaa isiyong'aa, maana chumvi na kinyesi cha ndege hukutana nalo kabla ya kukutana na klia.

Katika kundi hili wamo pia wajazaji, yaani dawa zenye mafuta, na mara nyingi silikoni, ambazo hukaa ndani ya mikwaruzo na kuificha. Dawa hizi si mbaya kwa asili yake. Mtu mwenye harusi Jumamosi na klia nyembamba anazihitaji, maana hazikati. Ubaya wake ni mbili. Mpaka rangi achukia silikoni kupita kiasi, kwa kuwa ikibaki hata chembe juu ya bati, rangi mpya hujikunja na kufanya vishimo ambavyo wao huviita macho ya samaki. Na muuzaji wa motokaa kuukuu aweza kuzitumia kumpumbaza mnunuzi. Gari huwaka siku ya kuuzwa, na likioshwa mara tatu utando wote wa buibui hurudi. Mnunuzi asione haya kuomba ruhusa, akachukua kitambaa chenye spiriti iliyozimuliwa kwa maji, akafuta mahali padogo pa boneti, akatazama juani. Mafuta yatatoka, na kilichobaki ndicho anachokinunua.

Wako wanaopangusa bodi kwa mafuta ya taa ili liwake. Liwakalo ni mafuta, nayo hukauka jioni hiyo hiyo yakiwa yameshika vumbi la barabara nzima. Wako pia watumiao dawa ya meno. Hiyo ina chembe laini na hukata kidogo, ila iliundwa kwa meno.

Mwisho, ziko rangi ambazo hapana chupa iwezayo kuzisaidia. Klia ikianza kuambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, ikaacha mabaka meupe yenye kingo, kusugua kutapanua kingo hizo tu. Na zile rangi zilizotengenezwa makusudi zisiwake hazina haja ya polishi. Ukizisugua utapata doa linalong'aa, nalo halitoki.

Paa na boneti la teksi ya baba mdogo vilipakwa mwezi wa Februari. Mpaka rangi alimwagiza asizitie nta yoyote kwa siku 30 au zaidi, kwa kuwa rangi mpya huendelea kutoa viyeyushi vyake polepole na haifai kuzibwa. Katika barua ya mama mdogo ya mwezi uliopita nimesoma kwamba siku hizo zimekwisha, kwamba sasa huiosha mwenyewe chini ya kivuli kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na kwamba wale waoshaji wa kituoni bado humwuliza kila Jumamosi kama hataki polishi.